Samadi Ina Mwenyewe



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunawaomba radhi, kwa kuwa tutazungumza juu ya kinyesi. Hatukukusudia hivyo. Tulikuwa tumekwisha kuandaa tafakari nyingine kabisa, lakini Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, vijana sita kutoka Namswea walitungojea mlangoni mwa sakristia wakiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne na bahasha yenye fedha. Waliomba dakika tano. Walikaa saa mbili.

Karatasi ile ilieleza habari za mashine. Ukitia ndani yake samadi ya nguruwe na kuipasha moto, yasema karatasi, utapata mafuta ya kuendeshea mashine ya kusaga, na hata pikipiki. Mfanyabiashara mmoja aliyepita huko alikuwa amewaahidi kuwaletea mashine hiyo kwa malipo ya awali ya shilingi 1,800,000. Fedha hizo walikuwa nazo. Sehemu ilitokana na kahawa, sehemu na vibarua, na sehemu na nguruwe wawili waliouzwa kabla ya wakati wao. Walichohitaji kwetu ni sahihi na mhuri wa parokia, maana muuzaji alitaka taasisi inayojulikana imdhamini mnunuzi. (Sisi tulizoea kwamba mnunuzi ndiye anayetaka kumjua muuzaji, lakini hilo tuliliweka kando kwanza.)

"Baba Paroko," alisema mwenyekiti wao, "nguruwe tunao, samadi inatushinda, mafuta yanapanda bei. Kuna ubaya gani?"

Tuliwaomba watuachie siku saba. Haya mnayoyasoma ndiyo majibu yetu, nao wamekubali tuyaandike mahali pa wazi, kwa sababu wanafahamu kwamba mfanyabiashara yule atapita na katika vijiji vingine.

Tuanze kwa kuwatendea haki: jambo lenyewe si uongo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Profesa Yuanhui Zhang na wenzake walianza tangu miaka ya 1990 kuchunguza namna ya kugeuza samadi ya nguruwe kuwa mafuta mazito yanayofanana na mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Nao wakafaulu. Mafuta ya petroli tunayoyafahamu yalitokana na mabaki ya viumbe wadogo wa majini waliofunikwa na tope, wakapikwa na joto la dunia kwa mamilioni ya miaka. Watafiti hao waliuliza kama kazi hiyo yaweza kufanyika kwa dakika badala ya mamilioni ya miaka. Jibu ni kwamba yawezekana, ukiwa na joto la kutosha na mgandamizo wa kutosha. Tena samadi haihitaji kukaushwa kwanza. Maji yaliyomo ndani yake yanasaidia kazi. Walikadiria kwamba nguruwe mmoja, katika muda wote wa kunenepeshwa, aweza kutoa samadi ya kupatia galoni 21 za mafuta ghafi, yaani karibu lita 80. Vijana wetu waliposikia lita 80 walitazamana, na sisi tuliona jinsi kila mmoja alivyoanza kuhesabu nguruwe wa nyumbani kwao.

Lakini tuangalie hilo joto na huo mgandamizo. Kazi hiyo hufanyika katika nyuzi kama 300 za Sentigredi. Maji yetu ya chai huchemka kabla hayajafikia nyuzi 100 huku milimani. Ili maji yaendelee kuwa maji katika nyuzi 300, yasigeuke mvuke, lazima yabanwe kwa nguvu inayozidi mara 80 ile ya hewa inayotuzunguka. Tairi la gari dogo hujazwa kwa nguvu kama mara 2 tu, na wote mmewahi kusikia linavyolia likipasuka. Chombo cha kustahimili nguvu hizo ni cha chuma kinene kilichopimwa na kukaguliwa, chenye vali za usalama na mafundi wanaojua wanachokifanya. Katika picha iliyochapwa kwenye ile karatasi tuliona pipa la lita 200 lililochomelewa mfuniko, likiwa juu ya moto wa kuni. Hapo hatukuhitaji siku saba. Pipa kama hilo, likizibwa kweli na kupashwa moto kweli, ni bomu katikati ya kijiji. Lisipozibwa litatoa mvuke na harufu tu, na fedha zitakuwa zimekwenda.

Na hata chombo kingekuwa salama, yanayotoka humo si dizeli. Ni mafuta meusi, mazito, yenye naitrojeni na oksijeni nyingi, ambayo hayawezi kuingia katika injini mpaka yasafishwe kiwandani. Pamoja nayo hutoka maji machafu yasiyofaa kumwagwa mtoni. Wakubwa wenye mitaji wamejaribu kazi za namna hii. Huko Carthage, katika jimbo la Missouri, kampuni ya Changing World Technologies ilijenga kiwanda cha kugeuza mabaki ya machinjio ya batamzinga kuwa mafuta kwa joto na mgandamizo. Mafuta yalipatikana na yakauzwa. Hata hivyo wakazi walilalamikia harufu mpaka mwaka 2005 gavana akaamuru kiwanda kifungwe kwa muda, na mwaka 2009 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Tunasema kwamba, ikiwa wenye wahandisi na mabenki walishindwa kupata faida, shilingi milioni moja na laki nane za vijana wetu zingekuwa kama tone.

Hayo yangetosha kuifunga habari. Mashine haifai, msitoe fedha, kwaherini. Lakini usiku wa Jumatatu tulipokuwa tukiandika tuligundua kwamba kuna jambo lililotusumbua zaidi, nalo ni yale maneno ya mwenyekiti: samadi inatushinda.

Samadi imeanza lini kutushinda sisi watu wa milima ya Umatengo? Wazee wetu walilima miteremko hii mikali kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, nyasi zikilazwa chini na udongo ukifunikwa juu, mvua isipate njia ya kuuchukua mlima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja kujifunza kwa wazee hao. Katika ngoro hakuna kinachotupwa: nyasi zinaoza, magugu yanaoza, udongo unakula. Kahawa ilipoingia katika miaka ya 1920 ilidai chakula chake, na zizi likawa jirani wa mkahawa. Katika miaka ya 1990 ruzuku za pembejeo zilipoondolewa na chama chetu kikuu cha ushirika kikaanguka, mbolea ya dukani ikawa mbali na mkono wa wengi, na ndipo samadi ilipopata heshima iliyostahili. Wengi wetu tunaosoma hapa tulilipiwa karo na mikahawa iliyokula samadi.

Kwa hiyo samadi si uchafu unaotafuta kazi. Ina mwenyewe. Naitrojeni iliyomo ndani yake ndiyo majani mabichi ya mwaka ujao. Njia ile ya mafuta humnyang'anya mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake: naitrojeni nyingine huingia katika mafuta na kuungua, nyingine hubaki katika maji machafu, na fosforasi hubaki katika masalia yanayopaswa kurudishwa shambani, kama kuna atakayekumbuka kuyarudisha. Katika mashamba makubwa ya Marekani, yenye nguruwe maelfu mahali pamoja na madimbwi ya samadi isiyo na shamba la kupokea, huenda hesabu hiyo ikakubalika. Mwenye nguruwe wanne na mikahawa mia tatu hana samadi ya ziada. Ana samadi ambayo haijafika shambani, na hilo ni tatizo la mabega, njia na toroli.

Ipo njia nyingine, ya zamani zaidi na isiyo na picha za kuvutia. Ni biogesi. Unachimba shimo, unajenga kuba la matofali chini ya ardhi, unatia samadi na maji kwa vipimo vinavyolingana, na vijidudu visivyopenda hewa vinafanya kazi gizani bila moto wowote. Gesi inakusanyika juu ya kuba na kusafiri katika bomba mpaka jikoni. Tope lililokwisha kutoa gesi linasukumwa nje upande wa pili, na hili ndilo linalotupendeza: tope hilo bado lina naitrojeni yake, fosforasi yake na potasiamu yake. Samadi imepita jikoni, imepika maharage, kisha imekwenda zake kwenye mkahawa.

Nchini mwetu habari hii si ngeni. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilianza kujenga mitambo ya namna hii katika miaka ya 1970. Mwaka 1983 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kikishirikiana na Wajerumani, kilianza kueneza mtambo wa kuba, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani uliofundisha waashi katika mikoa mbalimbali. Huko Hale, Tanga, mabaki ya mkonge, ambao ni sehemu ndogo tu ya jani lake iliyokuwa ikitumika kwa nyuzi, yaligeuzwa gesi ya kuzalisha umeme. Na mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Familia yenye ng'ombe wawili wanaofugwa zizini, wakitoa kilo 20 hivi za samadi kila siku, inaweza kupata gesi ya mita moja ya ujazo, inayotosha kuwasha jiko kwa saa mbili au tatu. Kwa nguruwe inabidi wawe wengi zaidi, kama wanane hadi kumi, kwa sababu kila mmoja hutoa kidogo.

Hapa, wapendwa, tungeweza kukunja karatasi na kuwaambia vijana: jengeni biogesi. Lakini tungekuwa tumeacha sehemu tunayoijua kuliko zote, na tunaiandika kwa haya kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine ambayo hatutaitaja, sisi wenyewe tulijenga mtambo wa biogesi. Tuliandika barua, wafadhili wakajibu, fundi akaja, kuba likajengwa karibu na jiko la hosteli ya wasichana. Nguruwe walikuwa ishirini na watatu. Siku ya kuwashwa kwa moto tulipiga picha, na mama mpishi, ambaye amepikia parokia ile tangu hatujapata upadirisho, alilia. Hakulia kwa furaha peke yake. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na moshi, na alisema laiti jiko hilo lingekuja miaka ishirini mapema.

Mtambo ulifanya kazi miezi kumi na minne. Hakuna aliyemwonyesha mama yule kwamba ndani ya bomba hujikusanya maji ya mvuke, na kwamba kuna mahali pa kuyafungulia yatoke. Kwa hiyo moto ulipoanza kurukaruka alidhani gesi imechoka, akaliacha jiko na kurudi kwenye mafiga kwa siku kadhaa. Hakuna aliyepima sufuria ya ugali ya hosteli kabla ya kununua jiko, na sufuria haikukaa. Ilibidi mabinti wawili waishike. Mwezi wa Juni na Julai, baridi yetu ilipoingia, gesi ilipungua, maana vijidudu vile havipendi baridi, nasi tulikuwa tumeahidi kwamba itatosha mwaka mzima. Kisha ikaja homa ya nguruwe ya Afrika. Mnaijua. Haimdhuru mwanadamu, lakini kwa nguruwe haina tiba, nayo husafiri katika mabaki ya chakula, katika viatu na katika gari la mchinjaji. Kwa majuma mawili tulizika nguruwe wote. Shimo lile la nguruwe tulilichimba kwa kina kuliko shimo la mtambo.

Bila samadi, kuba lilikauka. Likakauka, likapata ufa. Nasi kila mwaka tulipokuwa tukiandika taarifa kwa wafadhili tuliandika sentensi moja: mtambo upo. Haikuwa uongo, maana upo hadi leo. Mama mpishi hakuwahi kutuuliza lini utatengenezwa. Tulipohamishwa alitupikia chakula cha kuagana, kwa kuni.

Tuliwasimulia vijana habari hii yote Jumatano jioni, tulipowafuata kwao, kwa sababu tuliona si haki kuwakataza kosa lao huku tukificha letu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni alitukumbusha sengu, ule utaratibu wa wahenga wa Umatengo, ambapo ukoo ulikula pamoja na mambo mazito yakasemwa kabla ya mikono kunawa. Alisema: "Mtambo wenu, Padre, haukula sengu." Tulimwomba afafanue. Akasema kwamba tulizungumza na wafadhili, tukazungumza na fundi, tukazungumza na Askofu, lakini anayepika hatukuzungumza naye.

Kijana mmoja akauliza, kwa utani nusu, kama Maandiko yanaruhusu kupika kwa kinyesi. Tulimkumbusha nabii Ezekieli, aliyeamriwa kuoka mkate wa shayiri kwa kinyesi cha binadamu, akalia mbele za Mungu kwamba hajawahi kujitia unajisi, naye Mungu akamruhusu atumie cha ng'ombe. Walicheka sana. Sisi hufikiri kwamba kisa kile ni cha ukali wa maangamizi na si mafundisho ya upishi. Lakini ni kweli kwamba nabii aliruhusiwa kusema "hili siliwezi", na agizo likabadilishwa. Mpishi wetu hakupewa hata nafasi hiyo.

Sasa, pingamizi ambalo hatukuweza kulijibu vizuri ni hili. Mwenyekiti alisema: "Baba Paroko, biogesi ni ya mama jikoni. Sisi tulitaka kitu cha kuuza." Ni kweli. Gesi ile haiwekwi katika chupa kwa urahisi, haiendi sokoni, haimlipi kijana anayetaka kuoa. Tulimjibu kwamba tope linaokoa fedha za mbolea, na kwamba saa zinazokwenda kutafuta kuni nazo ni fedha. Alituangalia kwa adabu. Saa hizo si zake. Ni za dada zake na mama yake, na kwa hiyo hazimo katika hesabu yake. Hatukumlaumu. Katika hesabu yetu ya ule mtambo wa kwanza hazikuwamo pia, isipokuwa katika ukurasa wa kuombea fedha.

Yaliyokubaliwa ni haya, nayo si makubwa. Mhuri wa parokia hautagongwa kwenye karatasi ile. Bahasha imerudi mikononi mwa mweka hazina wa vijana, mbele ya mashahidi, bila kupungua. Mfanyabiashara akirudi ataombwa kuonyesha mashine yake ikifanya kazi mahali popote anapopenda, nasi tutakwenda kuiangalia, tukisimama mbali. Toroli mbili zitanunuliwa, na vijana watapeleka samadi mashambani kwa wazee wasioweza kubeba, kwa malipo watakayopatana. Hilo la mwisho lilikuwa wazo lao, na ndilo pekee lililomfurahisha mwenyekiti.

Tena tumepanga kwamba Jumamosi ijayo, vijana watatu na mwashi mmoja watafuatana nasi mpaka parokia ile ya zamani kulifukua kuba na kuutazama ufa. Mwashi anasema kuba lililopata ufa likiwa tupu mara nyingi hupigwa lipu upya likapona, mradi msingi haujahama. Paroko wa sasa ametukubalia, na amesema wana ng'ombe watatu siku hizi, si nguruwe. Tulimpigia simu pia mama mpishi, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu saba lakini bado yuko jikoni. Tulimweleza safari yetu na tukamwomba msamaha kwa miaka ile yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama safari hii tutakuja na jiko linaloenea sufuria. Tumemwomba atupimie upana wake kwa kamba. Atampa kamba hiyo dereva wa basi la Ijumaa.